Usaili wa Kupeana Migongo

Chiriku alimwona kabla hajapata hata pa kuketi. Kijana wa watu alikuwa safu ya mbele kwenye ukumbi wa kusubiri, shati jeupe limepigwa pasi kwa ukali, magoti yamebanana, macho yameganda ukutani kana kwamba ukuta ndio utakaomsaili.

Tangu alfajiri moyo wa Chiriku ulikuwa unamdunda kwa furaha. Aliamka kabla ya jogoo, akaoga, akavaa gauni la kijani aliloazimwa na dada yake, akatoka bila kunywa chai. Chuo cha udaktari kilikuwa kimemwita. Walioomba walikuwa wengi kama mchanga, walioitwa ni hawa waliomo humu ukumbini, na yeye ni mmoja wao. Kila alipolikumbuka hilo alitaka kucheka peke yake barabarani. Sasa moyo ule ule ulipiga pigo moja ambalo halikuwa la usaili, naye akajikemea kimoyomoyo: Tulia, mwanamke. Hukuja kwa ajili yake.

Mhudumu aliyeshika majina akamwonyesha kiti chake. Kiti chenyewe kilikuwa ubavuni kwa yule kijana. Dunia haina adabu.

"Habari," alisema kijana.

"Nzuri."

"Umependeza."

"Nimekuja kusailiwa, sikuja kupendeza."

"Najua. Nimesema tu."

"Ahaa. Leo umesema. Afadhali."

Kijana akarudi kwenye ukuta wake. Chiriku naye akageukia dirisha. Lakini pua haina mlango. Harufu ya sabuni ile ile ya kufulia ikamfikia, na mwezi mzima wa kujifanya amesahau ukamponyoka hapo hapo.

Jina la Chiriku alipewa darasa la kwanza na mwalimu aliyechoka kumwambia anyamaze, na halikumtoka tena. Alikuwa muuzaji kwenye duka la dawa, na wateja walisema unaingia na kichwa kinachouma, ukitoka kimepona kwa kusikiliza maneno yake tu. Kijana alifanya kazi maabara ya zahanati iliyo ng'ambo ya barabara. Yeye aliitwa Taratibu. Alitembea taratibu, alikula taratibu, na kabla ya kusema neno alilipima kama anavyopima damu ya watu. Walizoeana kwa sababu ya chenji, wakapendana kwa sababu ya vitabu. Jioni baada ya kazi walikaa nyuma ya duka, katikati ya maboksi ya dawa, wakisomeshana biolojia na kemia. Waliomba chuo hiki siku moja, wamekaa benchi moja, na Taratibu akaongeza na kingine cha mbali. Uchumba ulikuwa haujatangazwa, ila kila mtu mtaani aliujua, hata paka wa duka.

Kisha Taratibu akampeleka kwa mama yake.

Mama alikuwa msusi, mwenye saluni yake, mjane aliyemlea mwanawe kwa vidole vyake kumi. Alimkaribisha vizuri, akamkalisha kochi kubwa. Aliposikia kwamba wote wawili wameomba udaktari, akaweka kikombe chini.

"Mwanangu," alimwambia Chiriku, kwa upole kabisa, "wewe tayari uko dukani. Si usome ufamasia tu? Mfamasia ana saa za kurudi nyumbani. Nyumba moja haibebi madaktari wawili. Mmoja akishinda hospitali, mwingine akalala hospitali, nani atakuwa nyumbani?"

Chiriku alimgeukia Taratibu, akasubiri. Alisubiri mpaka chai ikapoa. Taratibu aliangalia zulia. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Njiani kurudi Chiriku alisema yote, ya kwake na ya Taratibu. Mwisho akasema, "Basi," na neno hilo likabaki. Alipomsimulia baba yake, ambaye ni fundi seremala na hana maneno mengi, mzee aliendelea kupiga randa, kisha akasema, "Mwanamume asiyekutetea mbele ya mama yake hatakutetea mbele ya mtu yeyote. Mwache aende."

Chiriku akamwacha. Au alidhani amemwacha.

Kengele ililia. Usaili wa chuo hicho haukuwa wa kukaa mbele ya meza moja. Ulikuwa wa vyumba. Unaingia chumba, unakuta swali lako, kengele inalia, unahamia kingine. Chiriku alisimama, akalinyoosha gauni, na ile furaha ya asubuhi ikampanda tena kutoka tumboni.

Chumba cha kwanza alikuwepo daktari wa kiume, kipara, mwenye uso usiojulikana amefurahi au amenuna.

"Naona unafanya kazi duka la dawa," alisema. "Kwa nini usisome ufamasia? Ni kazi nzuri, na njia yake umekwisha kuianza."

Chiriku nusura acheke. Swali la mama mkwe limemfuata mpaka huku! Lakini safari hii hakukuwa na wa kumsubiri ajibu kwa niaba yake.

"Ni kazi nzuri sana," alisema. "Waliosoma ufamasia nawaheshimu, ndio walionifundisha. Lakini daktari, kuna mama mmoja huja kununua dawa ya kikohozi ya mtoto. Amekuja mara ya kwanza, nikamuuzia. Amekuja tena, nikamuuzia. Mara ya tatu nikamwambia ampeleke mtoto hospitali, akasema atampeleka, nami sijui kama alimpeleka. Mtoto mwenyewe sijawahi kumwona. Nataka nimwone. Nataka niweke sikio kifuani kwake. Sasa hivi nauza jibu la swali ambalo sikuliuliza mimi."

Daktari kipara aliandika. "Na ukimwona, ukakuta ugonjwa huuwezi?"

"Nitasema siuwezi, halafu nitamtafuta anayeuweza. Kusema sina shida. Muulize yeyote mtaani kwetu."

Uso ule usiojulikana ukajulikana kidogo: mdomo ulipinda upande mmoja. Kengele ikalia. Chiriku alitoka akihisi miguu haigusi sakafu.

Vyumba vilivyofuata vilipita kama upepo. Chumba kimoja walimpa hesabu za vipimo vya dawa, akazimeza kama maji. Kingine kilikuwa na mwanamke aliyejifanya mgonjwa mwenye hasira, naye Chiriku akamwacha afoke mpaka aishiwe, kisha akamuuliza, "Nini kimekuogopesha?" na mwanamke akasahau kuwa anaigiza. Kila alipotoka alikuta korido imejaa wenzake wanaonong'ona dua, wanaofuta jasho, wanaocheka bila sababu. Alitamani amwambie mtu. Alijua vizuri mtu gani.

Mlango wa mwisho ulikuwa na tangazo dogo: Chumba hiki mtaingia wawili. Mbele ya mlango alikuwa amesimama Taratibu.

"Usiniambie," alisema Chiriku.

"Sijasema kitu."

"Hiyo ndiyo shida yako."

Mlango ukafunguliwa. Ndani alikuwepo mama mmoja profesa, nywele zimejaa mvi, miwani imening'inia kwa mnyororo. Kulikuwa na meza mbili na viti viwili vilivyopeana mgongo.

"Kabla hatujaanza," alisema profesa, "mnafahamiana?"

"Ndiyo, ni mchumba wangu," alisema Taratibu.

"Alikuwa," alisema Chiriku, wakati huo huo.

Profesa alivaa miwani, akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Ni, au alikuwa?"

Chiriku akaangalia dari, Taratibu akaangalia viatu vyake.

"Hayo mtayamaliza nje, humu hayana alama. Asanteni kwa kusema ukweli, nitauandika. Mkiwa madaktari, usiku wa dharura hamtachagua wa kufanya naye kazi. Kaeni."

Akaeleza. Taratibu atapewa picha. Chiriku atapewa vipande vya mbao vya rangi na maumbo mbalimbali. Taratibu atamwelekeza kwa mdomo mpaka avipange vifanane na picha. Hakuna kugeuka. "Na wewe binti, hutasema neno. Ukitaka arudie, gonga meza mara moja. Basi."

Chiriku alihisi kama amefungwa kitambaa mdomoni. Yeye, asiseme! Na yule, aseme! Kama profesa angetafuta mwaka mzima adhabu ya kuwapa watu hawa wawili, asingepata nzuri kuliko hiyo.

"Anzeni."

Chiriku alisikia Taratibu anavuta pumzi.

"Chukua kile cha bluu," alisema. "Kiweke katikati."

Mbele yake kulikuwa na vya bluu kibao. Chiriku akagonga.

"Kile cha bluu," alirudia Taratibu, vile vile.

Akagonga tena. Kimya kikaingia. Kikakaa. Kilikuwa kimya kile kile cha sebuleni, chenye uzito ule ule, na Chiriku akakiona tena kikombe cha mama kikiwekwa chini. Ulimi ulimwasha. Angeweza kumwambia maneno mawili tu: kirefu au kifupi? Aling'ata mdomo. Safari hii hatamsaidia. Na cha ajabu, hakuwa amekasirika. Alikuwa anamwombea. Sema, aliomba moyoni. Sema tu, mpenzi, hata ukikosea.

"Samahani," ilisema sauti nyuma yake. "Nimekwambia kama vile unaona ninachokiona mimi. Hukioni. Ngoja nianze upya."

Sauti ilikuwa nyingine.

"Fikiria uko kwenye kaunta ya duka. Wewe uko ndani, mimi ni mteja. Chukua kipande cha bluu kirefu kuliko vyote, kilaze mbele yako kama kaunta yenyewe, kutoka kushoto kwenda kulia. Tayari? Sasa, mwisho wa mkono wako wa kulia, pale unapopenda kuegemeza kiwiko mchana ukichoka, simamisha pembetatu nyekundu. Ncha iangalie juu. Sasa nenda kushoto. Pale mnapoweka mzani, weka duara la njano. Lisiguse kaunta, liache pengo la upana wa kidole chako. Cha shahada."

Mikono ya Chiriku ilikimbia. Hakugonga tena. Sauti ilimchukua kipande baada ya kipande, haikukimbia, haikusita, na alipokosea kidogo ilikuwa kama imemwona: "Kama kimekaa kama mlango, kigeuze kikae kama dirisha." Ajabu ya mambo. Mwaka mzima alimjaza huyu mtu maneno, asijue yeye anahifadhi kila kitu, mpaka mahali pa kiwiko.

"Cha mwisho ni kijani, rangi ya gauni lako," alisema Taratibu. "Kiweke juu ya vyote."

Profesa akaja, akalinganisha. Kipande kimoja kilikuwa kimegeuka. Vingine vyote vilikaa sawasawa.

"Kijana, mwanzoni ulikwama. Kwa nini?"

"Nilidhani kunyamaza ni kuwa mwangalifu," alisema Taratibu. "Kumbe nilikuwa namwachia mwenzangu abahatishe."

"Na wewe binti? Nilikuona umeng'ata mdomo."

"Nilitaka kusema badala yake," alisema Chiriku. "Ndiyo tabia yangu. Lakini ningesema mimi, yeye asingesema."

Profesa aliandika kwa muda mrefu. Hakutabasamu. Walipofika mlangoni tu ndipo alisema, bila kuinua kichwa, "Ile habari ya ni au alikuwa, imalizeni leo."

Nje jua lilikuwa kali. Watahiniwa walitawanyika getini wakipigia simu nyumbani kwao, wote wakipayuka kwa mpigo. Chiriku alitembea mbele. Taratibu akamfuata, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alitembea haraka.

"Chiriku. Simama kidogo."

Akasimama, lakini hakugeuka. "Sema. Nakusikiliza kwa mgongo, si umezoea."

"Siku ile kwa mama nilitakiwa kusema, sikusema. Nilimwogopa. Si kwamba atanipiga. Niliogopa atalia. Baba alikuwa daktari, alikuwa hayupo nyumbani hata akiwepo, na mama alinilea kama mjane kabla hajawa mjane. Nilifikiri nikinyamaza hakuna atakayeumia. Wewe ukaumia."

Chiriku aligeuka. Macho yao yakakutana, na hasira aliyokuwa ameilea mwezi mzima akaitafuta asiione.

"Na kile chuo kingine kilichokusaili?" aliuliza, kwa kuwa hakujua aseme nini.

"Nao watajibu mwisho wa mwezi. Lakini kiko mbali. Mimi nataka hiki, kwa sababu wewe uko hapa."

"Baba yangu anasema mwanamume asiyenitetea mbele ya mama yake hafai."

"Baba yako anasema kweli," alijibu Taratibu. Akatoa simu, akapiga, akaiweka sauti ya juu, akaishika katikati yao.

"Nina kichwa cha mteja hapa," ilisema sauti ya mama. "Umemaliza? Umefanyaje?"

"Nimemaliza, mama. Nipo na Chiriku. Naye amesailiwa."

Hakumpa mama nafasi ya kujibu.

"Mama, nampenda. Atasoma udaktari, na mimi nitasoma udaktari. Akipata yeye nikakosa mimi, nitamfulia makoti yake meupe na kuyapiga pasi. Siku ile nilipaswa kukwambia. Nakwambia leo."

Walisikia mteja akikohoa kule saluni, kisha kitana kikiwekwa mezani.

"Umemaliza?" aliuliza mama.

"Nimemaliza."

"Leo umeongea kama marehemu baba yako alipokuja kunichumbia. Baada ya hapo hakuongea tena." Akapumua. "Mlete. Wiki hizi nina maharusi, mlete Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Aje saluni, asije nyumbani. Aje na nywele hazijasukwa. Mtu namjua vizuri nikishakishika kichwa chake."

Simu ikakatwa. Chiriku alicheka mpaka mlinzi wa geti akageuka, na Taratibu akamshika mkono mbele ya mlinzi huyo na mbele ya wote.

Jumamosi ilipofika Chiriku alikwenda peke yake. Taratibu alikuwa zamu maabara. Mama alimkalisha kwenye kigoda katikati ya magoti yake, akamchana, akaanza kusuka. Vidole vyake vilikuwa vyepesi.

"Unaniona mbaya," alisema hatimaye.

"Hapana, mama. Nilikuona unaogopa."

"Naogopa. Mimi niliolewa na hospitali, mwanangu. Kila sherehe, kiti kimoja kitupu. Sikutaka mwanangu awe na kiti hicho, na sikutaka wewe ukikalie."

"Nakuelewa. Lakini nikiacha, mama, nitakuwa nyumbani na moyo haupo. Hicho nacho ni kiti kitupu."

Vidole vikasita kidogo, vikaendelea. Hapo ndipo simu ya Chiriku ikatetemeka mapajani. Alitaka kuinama aitazame, lakini msuko mmoja ulikuwa umeshikwa kwenye mzizi.

"Tulia, nitakung'oa nywele. Nini?"

"Mama, chuo. Nadhani ni chuo."

Mama alichukua simu kwa mkono mmoja, mwingine haukuuachia msuko. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. "Tu-na-yo fu-ra-ha..." alisoma, akasimama. Akarudia tena, haraka zaidi, na sauti ikampasuka. "Tunayo furaha kukujulisha kwamba umechaguliwa. Umechaguliwa, mwanangu. Umechaguliwa udaktari."

Chiriku alifunika uso kwa mikono. Machozi yalipita katikati ya vidole, na kicheko kikapita humo humo. Wateja wawili waliokuwa chini ya mashine za kukaushia nywele walipiga vigelegele bila kujua ni vya nini. Mama alikuwa amemkumbatia kichwa, simu bado imo mkononi.

Mlango ukafunguka. Taratibu aliingia akihema, bado amevaa koti la maabara.

"Umepata," alisema, akimwangalia Chiriku. Halikuwa swali.

"Nimepata. Na wewe?"

"Hapa wamenikataa." Akafuta jasho la mbio. "Kule wamenichukua."

Chiriku alitaka kuinuka, akazuiwa na nywele zake mwenyewe. Alinyoosha mkono, Taratibu akapiga magoti mbele ya kigoda, wakashikana hivyo hivyo, mmoja analia, mwingine anacheka, asijulikane nani ni nani. Udaktari, wote wawili. Na katikati yao miaka ya kusoma na safari ya basi ya kutwa nzima.

"Utanisubiri?" aliuliza Taratibu.

"Sitasubiri, nitakuwa nasoma. Na wewe usome. Likizo uje, tupimane nani anajua zaidi. Tukimaliza, utakuja kwa baba yangu useme kwa sauti kama ulivyosema kwenye simu."

"Nitakuja likizo ya kwanza. Kwa baba siwezi kusubiri mpaka nimalize."

Chiriku alihisi tone la joto likimwangukia utosini.

"Kwa hiyo wewe unaondoka," mama alimwambia mwanawe. "Na huyu anabaki."

"Chuo chenyewe ni hapo tu, mama, kwa miguu," alisema Chiriku. "Jumamosi nitakuwa nakuja. Nikiwa na mtihani nitakuja na vitabu vyangu."

Mama alicheka, kicheko cha kushindwa ambacho kilimfanya aonekane msichana. "Nimegombana na mtoto wa watu kwa sababu ya nani atabaki nyumbani," alisema. "Kumbe atakayebaki ni yeye." Alijifuta macho kwa mkono wa gauni, akamsukuma mwanawe pembeni kwa goti, akalishika tena fungu la nywele.

"Inamisha kichwa, daktari. Sijamaliza upande huu."